Waya Kwenye Gavana

Siku ya kuniaga pale karakana ya pampu, msemaji alisimama akasema mimi ni mama mpole, mvumilivu, nisiyejua kukasirika. Watu wakapiga makofi. Nikapewa vitenge viwili na saa ya ukutani, nikashukuru, nikakaa. Sikumsahihisha kwa sababu pilau lilikuwa tayari na watu walikuwa na njaa. Lakini ninyi vijana mlinifuata hadi nje mkaniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi. Basi naandika, na neno la kwanza ni kwamba yule bwana alikosea. Nimefungua na kufunga injini ndogo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa na hasira. Miaka ya mwisho mnaijua, tulikuwa wote. Nitaandika ile ya kabla yenu.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Kilosa. Babu yangu aliletwa kutoka kusini kuja kukata mkonge, akazeekea hapo, akazikwa hapo. Baba naye alikata mkonge. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuingia kazini shambani pale bila panga mkononi. Nilikuwa na cheti cha ufundi kutoka Morogoro na ovaroli aliyonishonea mama, yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia ndani. Meneja alikisoma cheti changu, akaniangalia, akakisoma tena, kama mtu anayetafuta mahali palipoandikwa kwamba huu ni utani. Kisha akaniambia niende karakana, nimwone Mzee Lazaro.

Mzee Lazaro alikuwa fundi wa injini ndogo: pampu za maji, majenereta, mashine za kusaga. Baba yake alikuwa amelaza mataruma ya reli, na yeye mwenyewe alikulia Mabwerebwere, jirani na watu wa reli. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipofanya kazi alikuwa anavuma nyimbo za kanisani puani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Hakuniuliza kama mwanamke anaweza. Alinionyesha injini ya dizeli ya pistoni moja, ile inayowashwa kwa kuzungusha hendeli, akasema, "Iwashe. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine."

Sikusikiliza. Nilishika hendeli kama mtu anavyoshika mchi, dole gumba limezunguka upande wa pili. Injini ikarudisha teke, hendeli ikanipiga, dole gumba likateguka. Mzee Lazaro alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akanifunga, akaniambia nianze tena kwa mkono wa kushoto. Mchana nilikuwa nimeiwasha mara tano. Hakunipongeza. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa injini na mpini sikioni, akainama kusikiliza, kisha akanipa na mimi nisikilize. Ndivyo alivyofundisha kwa miaka yote niliyokuwa naye. Alikuwa anasema injini haina moyo mbaya. Ikikukatalia, kuna kitu hukukiona.

Kutoka kwake nilijifunza kuosha nozeli kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, kupima pengo la valvu kwa fila, vile vibati vyembamba vya vipimo, kukata gasketi kutoka kwenye boksi la viatu, na kusaga valvu kwa mkono mpaka ikae. Wakati ule hapakuwa na vipuri. Beringi ikifa, tulikuwa tunaipeleka kwenye kerezo, mashine kubwa ya kuchonga chuma iliyokaa katikati ya karakana, na Mzee Lazaro anachonga bushi ya shaba badala yake. Kerezo lile lilimzidi umri. Liliweza kuondoa chuma chembamba kuliko unywele. Nilipoanza kuruhusiwa kuligusa nilikuwa nimeshafanya kazi miaka mitatu, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha kuliko siku niliyoolewa. Mume wangu, marehemu sasa, aliniambia ameliona hilo usoni.

Kisha zikaja siku za kufungulia milango. Tuliambiwa kwenye mkutano kwamba serikali haiwezi tena kulima mkonge, shamba litapata mwekezaji. Mwekezaji alikuja na viatu vyeupe. Alitembea karakana nzima kwa muda wa kunywa chai, akauliza swali moja tu: humu ndani kuna tani ngapi za chuma?

Wiki chache baadaye lilikuja lori na watu sita wenye nyundo kubwa. Kerezo halikupita mlangoni. Wakalivunja. Walilipiga kwenye kitanda chake cha chuma, pale palipokuwa pamenyooka kuliko kitu chochote katika wilaya ya Kilosa, mpaka likapasuka vipande vitatu, wakavipakia pamoja na mabati na mapipa mabovu. Nilimfuata mkuu wao nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mama, sisi tumetumwa chuma." Mzee Lazaro alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, kama mtu aliyefika kwenye mazishi. Akanivuta mkono, tukatoka. Kabla ya kutoka nilichukua seti ya fila kutoka kwenye droo nikaitia kifuani. Niliiba. Hadi leo sijatubu.

Tulihamia Mikumi, kwenye barabara kuu, kwa sababu hapo kulikuwa na malori, nyumba za wageni, na jenereta moja kwa kila nyumba ya wageni. Tulisimamisha nguzo sita na mabati yaliyotoboka. Maduka wakati ule yalikuwa yanajaa kila siku. Watu walikuwa wanafurahi, na nilielewa kwa nini. Mtu aliyepanga foleni ya sabuni miaka kumi ana haki ya kufurahia sabuni. Lakini vipuri vilinitia wazimu. Zamani tulikosa beringi. Sasa tulikuwa na beringi tele ambazo hazikuwa beringi. Zilikuja kwenye maboksi mazuri, zimepakwa grisi, na ndani ya siku tisa gololi zinakuwa kama punje za mahindi zilizotafunwa. Ukirudi dukani, muuzaji anakuambia soko ni huria, ungeangalia mwenyewe.

Aliyetuletea kazi iliyobadilisha maisha yetu alikuwa Sista Agnes, muuguzi wa chanjo. Vitongoji vyake vilikuwa bondeni, kati ya Mikumi na Kilosa, kwenye udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unakuwa gundi. Magari ya idara yalikuwa yanazama hadi milangoni. Pikipiki yake ilikwama akashinda kwenye tope siku nzima, barafu ya boksi la chanjo ikayeyuka, dawa zote zikaharibika. Alikaa kwenye benchi letu akiwa bado na tope kichwani, akauliza kama tunaweza kutengeneza kitu chepesi, chenye magurudumu mapana, kisichokuwa na haraka, kinachofika. Alisema kasi haimsaidii. Kufika ndiko kunakomsaidia.

Kijiji chetu pale Mikumi kikatoa trela la trekta ya zamani, lile la enzi za kilimo cha pamoja, lililokuwa limelala nyuma ya ofisi na nyasi zimepita katikati. Kwa kuwa trela lilikuwa la kijiji, ilikubalika kwamba gari nalo litakuwa la kijiji. Hilo lilionekana jambo dogo. Tulikata trela tukapata chasisi. Ekseli na giaboksi tulitoa kwenye pikapu iliyopinduka mbugani. Kiti kilikuwa ubao. Watu wa Mikumi walipoliona limekaa chini, pua imechomoza mbele na nyuma iko juu, wakaliita Ngiri.

Ngiri ilikuwa na injini tatu, na ya kwanza niliiua mimi. Ilikuwa ya petroli, ya pampu ya umwagiliaji, isiyotumia maji. Inapoozwa na upepo unaosukumwa na mapanga ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ukiongozwa na bati lililoifunika. Bati lile lilikuwa linapiga kelele, nikalitoa. Nilifikiri injini iliyo wazi itapata upepo zaidi. Tulikwenda mwendo wa kuvuta sigara mbili, pistoni ikashikana na silinda, ikawa kitu kimoja. Mzee Lazaro hakugomba. Aliokota lile bati pembeni ya banda, akalishika juu ya injini iliyokufa, akapuliza moshi wa sigara upande mmoja ili nione unavyopita. Kisha akaliweka chini. Ningependa kama angegomba.

Ya pili ilikuwa mpya, kutoka dukani, inang'aa. Alama ya kiwanda ilikuwa imebandikwa juu ya alama nyingine. Konrodi yake, ule mkono unaoshika pistoni, ilikatika wiki ya kwanza. Nilirudi dukani nayo mkononi, na muuzaji akaniambia maneno yale yale ya soko huria. Nikaiacha juu ya kaunta yake, inavuja oili kwenye vitambaa vya harusi.

Ya tatu tuliipata Chanzuru, kwa mzee aliyeacha kusaga unga: dizeli ya pistoni moja, nzito, yenye flaiwili kama jiwe la kusagia, dada kabisa wa ile injini iliyonitegua dole gumba. Ilikuwa imekaa chini ya mti wa mwarobaini kuku wanatagia ndani. Tuliifungua yote. Bila kerezo, Mzee Lazaro alikwangua beringi zake kwa mkono, anapaka rangi ya buluu, anazungusha krenki, anaangalia rangi imeshika wapi, anakwangua tena. Ilituchukua wiki nne. Tuliifunga kwenye chasisi juu ya vipande vya tairi ili isituvunje meno kwa mtikisiko, na tukapeleka nguvu kwenye giaboksi kwa mikanda miwili.

Na tukaweka gavana. Hapa nisikilizeni vizuri. Gavana ni kile kidude chenye vyuma viwili vinavyozunguka. Injini ikitaka kukimbia kupita kipimo, vyuma vinatanuka na kupunguza dizeli. Ni kama mtu mzima aliyekaa ndani ya injini. Flaiwili ya chuma cha kumimina inavumilia mzunguko wa kiasi fulani. Ukizidisha, haipindi, haionyi. Inapasuka.

Masika ya kwanza tulikwenda. Ngiri ilitembea mwendo wa baiskeli yenye mzigo, inadunda, inatema moshi, haizami. Ilizama mara moja tu, kwenye korongo, na aliyetutoa alikuwa Masanja. Masanja alikuwa ametoka upande wa ziwani na familia yake na ng'ombe wake, akafyeka shamba kule bondeni. Alikuja na ng'ombe wawili na mnyororo bila kuitwa, akatuvuta. Alizunguka gari mara mbili, akasema ni gari zuri, lina upungufu wa ng'ombe tu. Siku ile Sista Agnes alichanja watoto wa kitongoji kizima. Mke wa Masanja alileta watoto wake wanne wa kwanza. Masika mawili tulikwenda hivyo, na barafu ya boksi haikuwahi kufika imeyeyuka.

Sasa nafika kwa Kibwana. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji na alikuwa na biashara ya mbao. Si jambo la ajabu. Siku zile kila mwenye cheo alikuwa anagundua kwamba ana kipaji cha biashara. Kiangazi kilipoingia, alisema gari la kijiji haliwezi kukaa bure, likaanza kumtolea mbao zake porini. Akaona linakwenda polepole. Akaja bandani, akaniambia nilegeze gavana. Nikamweleza kwa nini haiwezekani. Akaniambia nisimpe darasa, nifungue. Nikakataa.

Kwenye kikao cha kamati alisema mbele ya watu kwamba mimi nimevumiliwa kwa heshima ya Mzee Lazaro tu, kwamba mafundi wa kweli wapo wengi barabarani, na kwamba mwanamke akishika spana anadhani ameshika nchi. Watu walicheka. Baadhi yao nilikuwa nimewatengenezea mashine. Mzee Lazaro alikuwa amesafiri kwenda Kilosa siku ile. Nilirudi bandani peke yangu, nikakaa juu ya tairi, na hasira yangu ikageuka kuwa kununa. Kabla ya siku ile sikujua kwamba hivyo ni vitu viwili.

Siku tatu baadaye, asubuhi, nilikuwa kwa mama chapati nakunywa chai. Dereva wa Kibwana akaja akakaa karibu. Alikuwa mchangamfu. Akaniambia fundi mmoja wa malori ameifunga ile gavana kwa waya isicheze, na sasa Ngiri inaruka. Neno "inaruka" alilisema kama mtu anayetoa habari ya ubatizo.

Nikamwambia, "Hongereni."

Ndilo neno nililolisema. Nikanywa chai yangu nikamaliza. Nilijua maana ya waya ule kuliko mtu yeyote pale Mikumi isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa bandani hatua mia mbili kutoka pale, amesharudi kutoka Kilosa, na sikumwambia. Nilijiambia injini ipasuke, waje walie kwangu. Nilifanya kazi naye siku nzima pembeni yake, nampa spana anayoitaka, na sikumwambia. Niliona aibu hata kumweleza kilichosemwa kwenye kikao. Nilinyamazia vyote viwili kwa pamoja.

Kesho yake, jua limeshapanda, nilivuka barabara kwenda kununua mafuta ya taa. Nilipokuwa narudi nikaona Ngiri imesimama mbele ya banda, inanguruma. Dereva alikuwa amekuja kulalamika kwamba inatetemeka. Mzee Lazaro alikuwa ameshainama, bisibisi sikioni. Lori lilikuwa linapita katikati yetu. Nilisikia dereva akivuta mafuta ili mzee asikie vizuri, na sauti ya injini ikapanda, ikapanda, haikuacha kupanda. Niliita jina la mzee. Lori lilipopita, flaiwili haikuwepo. Nusu yake ilikuwa imetoboa bati la paa. Nusu nyingine ilikuwa imempita Mzee Lazaro chini ya goti.

Walimkata mguu siku ile ile hospitalini. Nilibaki kwenye korido na ovaroli yenye damu yake, na kila muuguzi aliyepita aliniuliza nimeumia wapi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika darasani mwezi mmoja baadaye. Kibwana alisoma karatasi: gari la kienyeji, halina viwango, mafundi wazembe, kuanzia leo ni marufuku Ngiri au gari jingine la namna hiyo kutembea ndani ya kijiji. Nilisimama. Nilikuwa nimeifungua gavana na kuja nayo, waya ukiwa bado umeikaba. Niliiweka juu ya meza ya mwalimu, nikaeleza kila kitu, nikaipitisha kwa watu waishike. Niliona nyuso zinabadilika, nikajua nimeshinda.

Kibwana hakuiangalia gavana. Aliniangalia mimi, akauliza, "Na wewe ulijua lini habari za waya huu?"

Dereva wake alikuwa amekaa mstari wa mbele, anaangalia sakafu. Mzee Lazaro alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, magongo yameegemea ukuta. Ningeweza kusema nilijua baada ya ajali. Hakuna ambaye angenibishia isipokuwa dereva, na dereva alikuwa mwoga.

"Siku moja kabla," nikasema. "Asubuhi. Nilijua na sikumwambia mtu."

"Basi kosa lina mwenyewe," akasema Kibwana, akaandika. Mkutano ukaisha. Ngiri ikavutwa hadi nyuma ya ofisi, mahali pale pale trela lilipokuwa, ikafungwa mnyororo. Hakuna aliyeulizwa nani aliufunga waya. Polisi walisema sheria ya waya hawaijui. Yule fundi wa malori niliambiwa alihamia Makambako, na nina hakika alifunga waya mwingine huko.

Mzee Lazaro hakunisemesha kwa wiki tano. Nilikuwa nakwenda kwake kila siku, namwamkia, anaitikia, nachota maji, nafagia, naondoka. Wiki ya sita alinizuia mlangoni.

"Mwajuma," akasema, "wewe hukufunga waya. Na wewe ulinyamaza, nikakatwa mguu. Yote mawili ni kweli. Usinitake nichague moja."

Nikamwambia simtaki achague. Akasema vizuri, na kama ni hivyo nimletee fila, kuna jenereta ya jirani inampigia kelele tangu juzi.

Masika yakaja. Sista Agnes alikwenda bondeni kwa miguu, boksi kichwani, tope likimfika magotini. Siku ya kwanza aligeuzwa na mto. Siku ya pili alifika na barafu imekuwa maji. Alimwaga dawa zote mwenyewe mbele ya akina mama, kwa sababu alisema hawezi kumchoma mtoto maji na kumwita aliyechanjwa. Mwezi uliofuata surua iliingia bondeni. Masanja alimzika mtoto wake wa mwisho, Kabula, aliyezaliwa baada ya safari zetu. Huko kwao ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

Alikuja bandani kwetu baada ya matanga. Alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, akauliza gari liko wapi. Nikamwambia liko nyuma ya ofisi, limefungwa. Akauliza nani ana ufunguo. Nikamwambia. Akasema yeye ana ng'ombe na ana miti, kama vinafaa.

Safari hii hatukuchukua hata bolti moja ya kijiji. Mzee Lazaro alikaa kwenye stuli na mguu wake mmoja, mimi nikawa mikono yake. Chasisi tuliiunga kwa mabomba ya maji. Chanzuru kulikuwa na injini nyingine, mbovu kuliko ya kwanza. Ng'ombe wa Masanja waliivuta kwa sleji ya miti isiyo na magurudumu hadi barabarani. Nilikwangua beringi kwa mkono, na kila nilipodhani nimemaliza aliniambia nipake rangi tena. Kiangazi chote kilikwisha hivyo. Gavana niliifunga mwenyewe, nikaipima mara kumi na moja, na Mzee Lazaro akapitisha waya mwembamba kwenye bolti za kifuniko chake na kuubana kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi, ili mtu akiigusa tujue.

Asubuhi ya safari ya kwanza tope lilikuwa limeshaanza. Nilikuwa kwenye usukani. Sista Agnes alikaa nyuma amelikumbatia boksi, Mzee Lazaro pembeni yake na magongo. Masanja alitangulia kwa miguu na ng'ombe wake wawili, kwa heshima ya historia. Pale njia inapoacha nyumba za mwisho, Kibwana alikuwa amesimama katikati, mwavuli mkono mmoja, ile karatasi ya marufuku mkono mwingine.

Nilisimama. Akaanza kusoma. Injini ilikuwa inadunda na hakuna aliyesikia kitu. Akaniashiria nizime. Nikatikisa kichwa. Akaja karibu zaidi, akasoma tena kwa sauti ya juu, mpaka alipofika kwenye viwango. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu ule mkutano wa darasani, mwaka mzima na zaidi, maneno mazuri, nikilala nayo nikiamka nayo. Sikupata nafasi ya kuyasema. Masanja alirudi nyuma, akasimama kati ya Kibwana na gari. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti," akasema, "kama wataka tusubiri, tutasubiri. Lakini njoo usubirie kwangu. Ukae na mama yake Kabula."

Kibwana alikunja karatasi. Aliitia mfukoni, ikatoka kwa sababu ya mwavuli, akaitia tena. Kisha akatoka njiani akasimama kwenye majani.

Nikaingiza gia. Mimi nilitaka kuondoka kwa kishindo, nimrushie tope mpaka kwenye meno. Injini ile haikuweza. Tulikuwa tumeifunga vizuri. Kwa hiyo tulimpita kwa mwendo wa mtu anayetembea, Masanja, kisha mimi, kisha Sista Agnes na boksi lake, kisha Mzee Lazaro na suruali yake iliyokunjwa kwa pini chini ya goti, na Kibwana alikuwa na muda wa kutosha kumwangalia kila mmoja wetu.